Mizunguko Mia Saba

Kiarie, fundi wa magari pale Mai Mahiu, hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa jambo moja tu: masikio yake. Hayo aliyaringia waziwazi. Ukimletea gari alifungua boneti, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea umbea, na kabla hujamaliza kueleza alikuwa ameshajua plagi ipi haichomi. Kuna ile kazi ya kuweka sawa mwendo wa injini wakati mguu hauko kwenye mafuta, ambayo wengine huifanya kwa mita. Yeye aliifanya kwa bisibisi na sikio, miaka ishirini na sita.

Basi utaelewa Kiarie alivyoumia Waithera aliporudi mara ya tatu.

Waithera alikuwa mkulima wa viazi kutoka Njabini, huko juu Kinangop, mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi. Alikuwa amefiwa na mume kama Kiarie alivyofiwa na mke. Pikapu yake ilikuwa Datsun, kuukuu lakini safi, na lalamiko lake lilikuwa lile lile: asubuhi, ikiachwa ingurume yenyewe, inazima. Kila Jumamosi Kiarie aligeuza skrubu ya kabureta, akasikiliza, akaridhika. Waithera akamimina chai aliyokuja nayo, wakanywa kwenye benchi wakizungumzia mbolea, mvua, na Lynn, binti ya Kiarie aliyeolewa Nakuru. Jumamosi iliyofuata alikuwa amerudi, na Datsun eti imezima tena.

Mara ya nne Kiarie aliingiwa na hofu. Fundi asiye na masikio atakula nini? Alikuwa amewaona wazee wa kazi hiyo ambao magari waliyotengeneza yalizimikia langoni, na watu wakacheka pembeni. Hakutaka kumwaga unga kwa njia hiyo. Akameza aibu, akaenda kwa Abdirashid, jirani yake mwenye duka la spea, kuazima mita ya kuhesabu mizunguko ya injini. Abdirashid akauliza ni ya gari gani. Alipoambiwa ni ile Datsun ya viazi, akajikuna kidevu, akatoa mita. Dalili ya mvua ni mawingu, na Abdirashid alikuwa ameyaona mawingu tangu Jumamosi ya pili, ila si tabia yake kumharakisha mtu mzima.

Waya mwekundu kwenye betri, mweusi kwenye bodi, wa kijani kwenye koili. Mshale ukapanda, ukashuka, ukatulia kwenye mizunguko mia saba kwa dakika, pale pale alipouweka kwa sikio. Kiarie akashusha pumzi. Lakini Waithera, badala ya kufurahi, akasema polepole kwamba hapa chini labda ni mia saba, huko kwake hajui.

Kiarie akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kinangop iko juu, hewa yake nyepesi, na kabureta iliyowekwa sawa huku bondeni inaweza kusongwa na mafuta ikifika kule. Gari lipimwe pale linapolala. Akamwambia atapanda Jumatatu mapema, kabla injini haijaguswa, na Waithera akakubali haraka kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu saa moja asubuhi baridi ya Njabini ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Mama yake Waithera, bibi wa miaka themanini, alitoka na shuka lake akaketi kwenye kigoda kutazama. Kiarie akaunganisha zile nyaya tatu, Waithera akawasha. Injini ilipopata joto mshale ukaanza kuteremka: mia tisa, mia nane. Kiarie akashika bisibisi tayari. Mia saba kasoro kidogo, na hapo ukakaa. Alingoja dakika kumi, kisha ishirini. Datsun ilinguruma tu kwa utulivu.

Furaha ilimjaa. Masikio yake yalikuwa mazima! Akamgeukia bibi kumweleza kwamba ule ugonjwa wa kuzima ameutafuta na hajauona.

"Kuzima gani?" bibi akauliza. "Hii gari haijawahi kuzima tangu Krismasi."

Waithera alikuwa anaangalia gambuti zake. Kiarie akamtazama, akatazama mita, akamtazama tena, maskini, kana kwamba jibu lilikuwa bado mle ndani. Kisha akaanza kuhesabu zile Jumamosi, na ule mteremko wote wa kutoka Kinangop, kushuka na kupanda kwenye ukungu na malori. Alipenda alichokihesabu hata akaogopa. Akachomoa waya mmoja mmoja, taratibu sana kwa mtu aliyezoea magari maisha yake yote.

"Sasa umemaliza, Baba Lynn," Waithera akasema, bado ameinama. "Jumamosi nitakuja na shida gani?"

Kiarie akakunja waya wa mwisho mkononi.

"Kuja tu hivyo," akasema.