Firigisi ya Mwenye Nyumba

Mama mkwe wangu alichinja jogoo kabla ya hukumu kusomwa. Nilimwambia tungoje kwanza, jaji hajasema neno, akanijibu kwamba mwanawe hawezi kutoka gerezani akute sufuria tupu. Yule mama akishaamua, ameamua. Nikawasha moto.

Kwetu firigisi, ile tunayoiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Mgeni atapewa paja, watoto watagombania shingo, lakini imondo haiguswi. Tangu mume wangu afungwe hatukuwa tumechinja kuku hata Krismasi, maana angeila nani? Siku hiyo niliipika, nikaifunika kwenye bakuli lake la bluu, tukatoka Butali kwenda kortini Kakamega.

Mume wangu ni mkata miwa. Alfajiri moja wanaume wasio na sare waliupiga mlango wetu mateke wakimsaka mwizi wa ng'ombe, nasi tukadhani wezi ni wao. Akachukua panga la miwa, na wa kwanza kuingia akakatwa begani. Kumbe ni askari. Alipona, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini mbele ya hakimu walidai walijitambulisha. Nilikuwa ndani ya nyumba ile, hawakujitambulisha. Hakimu akawaamini wao: jaribio la kuua, miaka kumi na mitano. Tukakata rufaa. "Subira huvuta heri," waliniambia kanisani, mpaka nikatamani kuwarushia vitabu vyao vya nyimbo.

Mama mkwe alikuwa amembebea mwanawe shati lililopigwa pasi. Kumbe hata hakuletwa. Alikuwa kwenye skrini ukutani, huko huko gerezani, amekonda, sauti ikikatikakatika. Mama mkwe alisimama akampungia mkono.

"Mwanangu, umekula?"

Karani akamwomba akae. Nilimchukia yule karani kwa moyo wangu wote, ingawa alisema kwa upole.

Jaji alisoma kwa Kiingereza, mkalimani akifuata nyuma. Panga, alisema, lilishuka karibu na shingo. Ushahidi wangu hauna uzito, maana mke hawezi kukosa kumtetea mumewe. Mwisho akasema rufaa imetupiliwa mbali. Mume wangu alikuwa bado anaitikia kwa kichwa. Nadhani maneno yalikuwa hayajamfikia. Kisha yakamfikia. Akanitafuta kwa macho, akatazama upande ambao sikuwepo, nami nikainua mkono bure. Skrini ikazimwa, wakaita kesi nyingine.

Nyumbani niliwapakulia watoto wakala, nikawapeleka kulala. Mimi na mama mkwe tulikaa mbele ya ugali. Shati lilikuwa bado mapajani mwake. Mara akalifunua lile bakuli la bluu, akaichukua imondo kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula."

"Mama, hiyo ni yake."

"Mwenye boma ndiye anakulanga hii. Saa hii ni wewe."

Yeye mwenyewe hajawahi kuionja. Enzi zake wanawake hata kuku hawakula. Nilimtazama nikitegemea atalia, tulie pamoja, lakini alikuwa ananingoja tu.

Sikutaka boma. Nilimtaka mume wangu, akae pale kwenye kiti chake, ale chake. Niliitia mdomoni, ilikuwa imepoa na kuwa ngumu, nikaitafuna huku machozi yananishuka, mpaka ikaisha.