Barua ya Posa Iliyofika Mara Saba

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kiwandani, maana wale huongeza chumvi, na aibu yangu haihitaji kuongezewa kitu. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa Singida mjini, na kazi yangu naijua (hilo hata baada ya mkasa huu hakuna aliyebisha).

Alhamisi ile ofisi nzima ilikuwa na kilio kimoja: barua pepe zinaingia na kutoka vizuri, ila ukifungua faili lililoambatanishwa, kompyuta inakuambia limeharibika. Mnunuzi wa Dodoma alikuwa anasubiri vyeti vya ubora wa mafuta, akasema visipofika kabla ya saa sita mchana lori lake litapakia kwingine. Bosi akasimama mlangoni kwangu, akauliza, "Elia, utaweza?" Nikamjibu, "Bosi, agiza chai, ukimaliza kikombe na mimi nimemaliza."

Sasa nilitaka kujua kama ubovu uko kwenye kompyuta za watu au kwenye seva, ile mashine inayopokea na kugawa barua pepe zetu zote, na fundi mwenye adabu angetengeneza faili tupu la kujaribia, lakini mimi nikachukua la kwanza lililokuwa mbele ya macho, nikalituma kwa wafanyakazi wote kwa mpigo, nikijiambia nani atalisoma na wakati mafaili hayafunguki? Majibu yakaja: halifunguki, halifunguki. Nikarekebisha hapa, nikatuma tena, nikarekebisha pale, nikatuma tena. Nilituma mara saba, faili lile lile.

Faili lenyewe lilikuwa barua yangu ya posa. Nilikuwa najiandaa kumposa Neema, binti wa Mzee Hango, mkuu wa ghala letu, mtu mkimya ambaye hata shikamoo yako anaipima kwanza ndipo aitikie. Mzee alikuwa hajui lolote, maana kwetu kijana hajipeleki mwenyewe, barua hupelekwa na mshenga. Na chini ya barua nilikuwa nimemwandikia mshenga wangu, baba mdogo, maelekezo haya: "Mzee anapenda sifa. Msifie ng'ombe wake, japo wamekonda. Ila usipoteze muda mwingi naye, mwenye uamuzi pale ni mama, mzee huitikia tu."

Saa tano na nusu nikamkamata mchawi. Ilikuwa programu ya kukagua virusi, niliyoiweka mwenyewe wiki iliyotangulia (na kujisifu nayo kikaoni), inakata mkia wa kila faili na kuficha nakala nzima pembeni. Nikaizima, nikaona kitufe cha kuachia nakala zote zilizofichwa ziende kwa wenyewe, nikakibonyeza huku nimekunja nne. Vyeti vikafika Dodoma vizima, bosi akapiga makofi, nami nikaelekea kwenye chai kifua mbele.

Rehema wa mapokezi alikuwa anatazama simu, mabega yanamtikisika.

"Elia, kwani wamekonda sana?"

"Akina nani?"

"Ng'ombe."

Nikakimbia kurudi kwenye seva nikafute, nikakuta Mzee Hango amesimama mlangoni kwangu, miwani puani, karatasi mkononi (alikuwa amezichapisha zote saba).

"Shikamoo, mzee."

Akaipima. "Marahaba. Hii ya saba ina tofauti na ya kwanza?"

"Hapana, mzee. Ni ile ile."

"Basi nimesoma vizuri. Na kwa kuwa mimi huitikia tu, nimeshamtumia mwenye uamuzi."

Nisiwafiche, nilitaka kulia. Neema nimempenda miaka minne, na nilimwona ananitoka kwa kidole changu mwenyewe. Simu ya Mzee ikaita, akasikiliza muda mrefu, akasema "haya," akasikiliza tena, akasema "haya" nyingine (na mimi hapo kucheka siwezi), akakata.

"Mama Neema anasema mshenga aje Jumamosi. Ila wewe utangulie kesho, uje nyumbani kwangu Sepuka uwaone hao ng'ombe kwa macho yako."

Nilienda. Nilisimama zizini mbele ya majirani, nikamsifia ng'ombe mmoja baada ya mwingine kwa sauti, Mzee akinionyesha kwa fimbo anayefuata, na nilipofika wa mwisho akaniambia nirudie yule wa kwanza, hakusikia vizuri. Jumamosi posa ikapokelewa.

Siku hizi faili langu la kujaribia lina neno moja tu, "jaribio," na mambo ya nyumbani hayakai tena kwenye kompyuta ya kazini. Kuhusu wale ng'ombe, wawili kweli wamekonda, lakini hilo nawaambia ninyi kwa mdomo tu, kuliandika siliandiki tena popote.