Binti yangu aliniuliza majina ya kijijini, nikamjibu kwa sifa

Admini, nifichie jina, binti yangu anaufuata huu ukurasa. Mimi ni mama wa miaka 56, niliishia la saba, mkulima wa kahawa na migomba huku Kibosho. Nina binti mmoja na sioni haya kumsifu: ndiye anayetunza kompyuta za chama chetu cha wakulima, anakaa Rau, huko chini mjini, na mlima mzima huu hakuna kichwa kama kile.

Makarani walikuwa wakitafuta jina la mkulima, kompyuta inachelewa. Binti akaamua kuibadilisha indeksi iliyokuwepo, yaani ile orodha ya ndani inayoionyesha kompyuta jina liko wapi, kama kurasa za mwisho za kitabu. Akataka pia ikatae jina lililoandikwa mara mbili. Akanipigia. Nilikuwa na wanajumuiya wenzangu wa kanisani sebuleni, nikaweka spika wasikie msomi anavyomuuliza mama yake.

"Mama, huko kuna watu wawili wenye majina matatu yanayofanana?"

"Hakuna, mwanangu. Kila mtu na lake."

Mama Eliya, mmoja wao, akaninong'oneza, "We, na mzee Aloyce Melkiori Aloyce na mjukuu wake?" Kwetu mtoto anapewa jina la babu, baba naye alipewa la babu yake, mwisho babu na mjukuu wanafanana majina yote matatu. Nalijua hilo tangu utoto. Nikamkonyeza anyamaze, nisiaibike mbele ya watu.

Binti akafuta yaliyojirudia, akabakiza yaliyoandikwa karibuni, ndipo indeksi mpya ikakubali. Siku ya kugawa miche ya kahawa wazee wakaambiwa hawamo. Mzee Aloyce alipita hapa mikono mitupu, nikamwamkia, akaitikia akiangalia chini. Majina yamerudishwa, lakini miche imeisha. Binti amesimamishwa kazi, Alhamisi anaitwa kikaoni.

Nilimwambia nitakwenda kusema kwamba aliniuliza. Akasema, "Usije, mama. Watasema mtaalamu gani huyu anamuuliza mama yake badala ya kuangalia namba za kadi za uanachama. Wewe ulisahau tu."

Sikusahau. Hilo halijui.

Hata kulia silii. Napika mtori wa ndizi, nakata majani ya ng'ombe, mwili kama wa mtu mwingine. Nikienda namwaibisha, nikinyamaza anafukuzwa kwa ajili ya sifa zangu. Wazazi wenzangu, nishaurini: nimwambie yeye kwanza, au Alhamisi niingie tu kwenye hicho kikao?