Bibi Pokuaa na Ulimi wa Binti Yangu

Bibi Pokuaa aliuza mabakuli ya udongo ya kusagia pilipili mkabala na meza yangu ya vitambaa, sokoni Kumasi, kwa miaka thelathini. Shule hakuingia hata siku moja. Watoto wake sita aliwalea palepale chini ya meza, na kila alichokishika alikisemea: "Hili lina mikwaruzo ndani, ona, ndiyo inayosaga. Hili laini halisagi kitu, linang'aa tu kama baba yenu." Wapita njia walicheka. Mimi nilimwona mpiga kelele.

Nilipompata binti yangu Afriyie niliamua asiongee Kitwi, lugha yetu. Kiingereza tu, ili chekechea nzuri impokee. Nikamwendea Pokuaa.

"Bibi, tafadhali, usimsemeshe mtoto wangu. Lugha ya sokoni itamharibu."

"Haya, mama mzungu," akanijibu, akanipa mgongo.

Sasa niseme ukweli. Kiingereza changu ni cha kuitia wateja na kuamuru: njoo, kaa, kula, acha, haraka. Mimi ninayeweza kumshawishi bibi harusi anunue kitambaa cha msiba, nilikuwa nikifika nyumbani nafunga mdomo, maana maneno yameniishia. Miaka minne binti yangu alisikia amri tu.

Nikampeleka chekechea. Mkuu wa shule, Mwalimu Dufie, alimwekea mezani mwiko, ufagio na yai. Akauliza kwa Kiingereza, hiki nini? Kimya. Akauliza kwa Kitwi. Kimya. Kisha Afriyie akapaza sauti kwa Kiingereza: "Kaa! Acha!" Sauti yangu kabisa.

"Mama, nani huzungumza na mtoto huyu?"

Nikainama nikamfunga mtoto kamba za viatu.

"Mrudishe baada ya miezi mitatu. Lugha yoyote, ila awe na maneno. Akikosa, nafasi nampa mwingine."

Kesho yake nilimwendea Pokuaa kama ninavyomwendea mwenye mzigo wa kuuza: nikataja nitakachomlipa akae na mtoto. Hakuinua hata macho.

"Birago, umekuja kununua bakuli?"

"Hapana, Bibi."

"Basi nenda, urudi na mtu."

Nilimwelewa. Kwetu aliyemkosea mkubwa haji peke yake kujitetea. Huja na mtu wa kumwombea, na yeye mwenyewe hunyamaza. Nikamfuata malkia wa wauza vyungu, mama anayewaongoza hapo sokoni. Alisimama mbele ya ile meza akalieleza kosa langu lote, neno kwa neno, nami nimevua ndala, kichwa chini, soko zima linatazama. Wauza nyanya wakanirushia, "Leo mama mzungu kaishiwa Kiingereza!" Hata kuwajibu sikuruhusiwa.

"Mlete," Pokuaa akasema.

Tangu hapo Afriyie alishinda hatua nane kutoka kwangu. Nilimsikia akipewa maneno ambayo mimi nilikuwa nayo siku zote: shombo, povu, ukingo, kuvuja, kubembeleza, uongo.

Siku ya kurudi shuleni, hata hajaulizwa, akaushika ule mwiko, akasema kwa Kitwi: "Huu umeungua hapa nchani. Nani aliusahau jikoni?" Mwalimu Dufie alicheka mpaka akafuta macho. Akaandika jina la Afriyie.

"Hongera, mama. Umefanya kazi kubwa."

"Asante, mwalimu," nikasema. Ndivyo nilivyosema. Nimezoea kupokea ninachopewa.

"Si yeye," Afriyie akasema. "Ni Bibi Pokuaa. Hana meno ya mbele, na mkono wake una kovu la moto, kalipata akipika maharage. Ukimuuliza kitu anaacha kuuza, anakujibu mpaka uelewe. Mama ananyamazaga tu."

Mwalimu akainamia daftari lake, akajifanya anatafuta ukurasa. Mimi nilimshika mtoto mkono tukatoka, na njia nzima aliendelea kuongea.