Alama Mbili kwa Muvi ya Ngazi

Ludovika, ambaye mtaa mzima wa Mshangano, hapa Songea, unamwita Mama Leo, ni fundi cherehani. Ana miaka arobaini na sita, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango, na anapenda kuona watu wakichinjwa. Kwenye muvi, lakini. Kuku wa sikukuu humwachia mumewe, Hironimus, na yeye mwenyewe husimama upande wa pili wa nyumba akiwa ameziba masikio mpaka kazi iishe.

Jumapili, akishatoka misa ya kwanza, hubadili nguo, hufunga mapazia saa nne ya asubuhi, humimina chai kwenye kikombe kikubwa cha bati na kuchomeka flashi kwenye runinga. Hapo Hironimus huchukua kofia yake na kwenda kucheza bao. Si kwamba hajajaribu kukaa. Amejaribu mara mbili. Mara ya pili alikimbilia jikoni akisema anakwenda kuangalia maharage, na siku hiyo hapakuwa na maharage jikoni.

Ludovika ana maoni, na maoni yake hayabembelezi mtu. Muvi za kutisha zenye pesa nyingi anazidharau. Jini likionyeshwa dakika ya kumi, na pembe zake na mate yake yote, kunabaki nini tena cha kuogopa? Umeshalizoea kama mgeni aliyekaa wiki mbili. Yeye anataka zile zilizotengenezwa na watu wasio na kitu: waigizaji watatu, nyumba moja, shati lilelile mwanzo mpaka mwisho, na wakati mwingine kivuli cha mpiga picha kinapita ukutani. "Hawa hawana hela ya kununua jini," husema, "kwa hiyo inabidi wakutishe kwa mlango." Muvi zilizowekewa sauti ya mtafsiri hazigusi, maana mtafsiri huanza kutania palepale mtu anapobana pumzi. Heri aitazame katika lugha asiyoijua hata neno moja. Mtu anayenyatiwa hatoi hotuba, anahema tu.

Iko moja ya muuaji wa kisu ambayo vijana wa mjini huizomea kwa sababu muuaji mwenyewe ni mnene na anachoka. Ludovika huitetea kama ndugu yake. Wauaji wengine hutembea taratibu na bado wanakufikia, jambo ambalo yeye haliamini. Huyu hukimbia, husimama, hushika kiuno, hupumua, halafu huja tena. "Mtu anayechoka na bado anakuja," husema, "huyo anakutaka kweli."

Mtu aliyeyathamini maoni hayo alikuwa Joachim, mwenye duka la muvi kule Majengo, karibu na kijiwe cha bodaboda. Duka ni chumba kimoja, kompyuta moja, na diski iliyojaa pomoni. Mteja huleta flashi, Joachim hufuta kila kilichomo na kuingiza muvi mpya. Na kwa kuwa majina ya kigeni yanawapiga chenga wateja wake, kila muvi inayoingia huipa jina jipya kulingana na kilichomo: Ya Friji, Ya Mapacha, Ya Mnene Anayechoka. Jina la mwanzo hupotea hapohapo, naye hajawahi kuona sababu ya kuliandika pembeni.

Joachim mwenyewe ni mwoga. Muvi za kutisha anaziuza bila kuzitazama, kama mtu asiyekula nguruwe aliyeajiriwa kwenye bucha la kitimoto. Ndiyo maana alikuwa na daftari la Ludovika. Kila Jumamosi Ludovika alileta flashi, akasema alama, Joachim akaandika: Ya Friji, nane kati ya kumi, Ya Mapacha, tatu, mwisho umeharakishwa. Mteja akiuliza ipi nzuri, daftari lilifunguliwa. Diski ikijaa, lilifunguliwa tena, na zilizopata chini ya nne zikafutwa. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka tisa.

Tusimsingizie, hakumtaka Joachim. Joachim ana mke na watoto wanne, tena anaongea huku anatafuna. Alichokipenda Ludovika ni kuingia mle dukani na kusikia vijana wakiambiwa, "Ngojeni kwanza, Mama Leo kafika." Kwingine kote aliulizwa kama suruali ya mtoto imekwisha na kwa nini bado. Pale dukani aliulizwa anaonaje.

Mwezi wa tano akaja Mwalimu Oliva, binti wa miaka ishirini na saba aliyehamishiwa shule ya msingi hapo mjini akitokea Namtumbo. Jumamosi hiyo Ludovika alimkuta amekaa kwenye kile kiti cha pembeni ambacho hakuna mteja mwingine aliyewahi kukikalia. Oliva akanyanyuka haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Shikamoo ilikuwa ya heshima kabisa, na ndiyo iliyomkera zaidi. Kumbe alikuwa mama wa watu. Kumbe kiti alikuwa anaachiwa kwa sababu ya umri.

"Mwalimu naye ni mgonjwa wa hizihizi zako," Joachim akasema kwa furaha, kana kwamba anamletea mtu habari njema. "Anazijua hizo!"

Wivu ukamwingia Ludovika, na haukubisha hodi. Alianza kufika dukani mapema ili awahi kiti, na bado akamkuta Oliva amekalia ndoo iliyopinduliwa, amejiinamia kwenye kompyuta pamoja na Joachim. Akasikia kwamba Oliva hutazama muvi huku anasahihisha madaftari. Madaftari! Mtu anafukuzwa msituni, na yeye anaweka vema kwenye hesabu za kugawanya. Akamsimulia Hironimus jambo hilo mara tatu wakati wa chakula, na Hironimus akauliza mwalimu huyo alikuwa amemkosea nini. Ludovika akamwambia ale ugali wake unapoa.

Kilichomchoma mpaka ndani ni siku Joachim alipompokea kwa maneno haya: "Mama Leo, mwalimu kanifungua macho. Ile Ya Mnene Anayechoka, anasema watu wanaikosea. Anasema muuaji anayechoka ndiye wa kuogopwa, maana anajilazimisha."

"Hilo nilikuambia mimi. Mwaka uleule uliofungua duka."

Joachim akafikiri kidogo. "Ee. Na wewe pia."

Na wewe pia! Maneno matatu, na Ludovika aliyasaga wiki nzima kwenye cherehani. Alishona sweta la mtoto wa watu mikono ikiwa nje ndani. Kama Oliva angekuwa mjinga wa mambo hayo, angemvumilia, hata angemfundisha. Lakini binti alikuwa anajua, na alijua yaleyale aliyoyajua yeye, tena ameyafikia peke yake akiwa bado hana hata mvi moja. Hapo hapakuwa na nafuu.

Kilibaki kitu kimoja ambacho Oliva hakuwa nacho. Mwezi huohuo Joachim alikuwa amenunua muvi mia nne kwa mpigo kutoka kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na ndani yake mlikuwa na moja aliyoibatiza Ya Ngazi. Mwanamke anaishi peke yake ghorofani. Kila asubuhi anakuta ngazi zimedekiwa, bado zina maji, na hazina nyayo. Basi. Saa nzima na nusu ni ngazi, ndoo na huyo mwanamke, mpaka asubuhi moja anaamka na kukuta maji yamefika chini ya kitanda chake. Hakuna damu, hakuna jini, na picha zenyewe zina ukungu kama zilipigwa na simu ya mtu. Ludovika aliitazama akiwa amepandisha miguu kwenye kochi. Siku nne hakudeki nyumba, na Hironimus alipouliza, alimwambia sabuni imekwisha.

Kwa hesabu zake ilikuwa kumi, na kumi hakuwahi kuitoa. Lakini hakumwambia Joachim, kwa sababu kumwambia Joachim asubuhi ni kumwambia Oliva mchana. Kila Jumamosi alisema tu, "Ile Ya Ngazi sijaimaliza, niwekee tena," na kila Jumapili akajifungia nayo. Alijisikia tajiri.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa imekolea, Joachim, amevaa koti mpaka kidevuni, akamwuliza.

"Ya Ngazi nikuwekee tena au umemaliza? Mwalimu ameliona hilo jina, anaitaka."

"Nimemaliza," Ludovika akasema.

"Ikoje?" Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Mbili."

"Mbili kati ya kumi?"

"Mwanamke anadekiwa ngazi, basi. Takataka. Usimpotezee mwalimu wa watu muda wake."

"Afadhali umesema," Joachim akajibu, akaandika mbili, akafuta flashi na kumwingizia muvi nyingine tatu. Ludovika akatoka mle dukani mwepesi, akajinunulia karanga za kuchemsha njiani. Alichoondoka nacho rohoni ni kwamba Oliva hataigusa ile muvi. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, sare zikamlemea, na Jumamosi mbili akashindwa kwenda. Ya tatu akafunga kazi mapema. Alikuwa na hamu ya zile ngazi kama mwenye mimba. Alipofika dukani, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, hata ndoo haikuwepo.

"Niwekee Ya Ngazi," akasema huku akikaa.

"Ya Ngazi?" Joachim akacheka. "Ile takataka? Si uliipa mbili, Mama Leo? Diski ilijaa wiki iliyopita, nikaifuta pamoja na wenzake."

"Irudishe."

"Nimeshaweka nyingine juu yake. Labda unitajie jina lake lenyewe nimwulize yule bwana wa Dar."

Jina lake lenyewe hakuna aliyelijua Songea nzima.

Ludovika akajikuta anauliza kitu ambacho asingedhani angekiuliza. "Mwalimu Oliva hana?"

"Angekuwa nayo wapi? Nilimwambia umeipa mbili, akabisha, akaichukua hivyohivyo. Kesho yake karudi hapa anatetemeka, anasema kumi. Kumi, Mama Leo! Nikamfutia flashi nikamwekea nyingine kama kawaida, akasema sawa, lakini hii usiiondoe, nitairudia. Sasa siku ya kufuta akanikuta, akanishika mkono. Hakuwa na flashi. Akasema nimsubiri akaifuate nyumbani." Joachim alikuwa anasimulia kwa majivuno, kifua mbele. "Nikamwambia, mwalimu, Mama Leo kaipa mbili. Kwa muvi za kutisha, duka hili linamsikiliza mtu mmoja tu. Aliporudi na flashi yake anahema, nilikuwa nimeshamaliza. Akaondoka bila kuaga. Siku hizi anachukulia muvi kwenye duka la Lizaboni."

Yote aliyoyataka Ludovika yalikuwa yametimia, hata kiti. Binti ameondoka, neno la Mama Leo limebaki juu, kumbe halikuwahi kushuka. Akamwona kichwani Oliva akikimbia na baridi ile kufuata flashi, na roho ikamuuma. Ilimuuma zaidi kwamba Oliva aliitaja kumi yake waziwazi, mbele ya watu, bila kuogopa kwamba kuna mtu ataichukua. Hata hapo alimwonea wivu.

"Ilikuwa kumi," akasema.

"Nini?"

"Ya Ngazi. Nilikudanganya. Sikutaka aipate yule."

Joachim akavuta lile daftari, akalirudisha nyuma kurasa nyingi, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Na hizi nyingine?"

"Zipi?"

"Zote. Watu nimewapa kwa maneno yako. Nyingine nimezifuta."

"Hizo ni kweli tupu, Joachim. Haki ya Mungu. Miaka tisa, nikudanganye kwa faida gani?"

Joachim akainua macho, akamtazama.

"Siku ile unasema mbili nilikutazama usoni," akasema. "Ulikuwa hivihivi."