Laptop yetu sasa inawaka haraka, na mume wangu amenyamaza tena

Bwana asifiwe admin, na nyinyi nyote mnaosoma hii. Habari za kwenu? Mko wazima, na wagonjwa wenu wanapata nafuu? Sisi huku tuko salama kwa neema ya Mungu, lakini roho yangu haitulii. Admin nakuomba ufiche jina langu, maana wanaotujua hapa Kitale ni wengi, na mzee wangu hapendi mambo ya nyumba yatoke nje.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili. Kwetu ni Naitiri, lakini tunaishi mtaa wa Tuwan, na tuna kaduka ketu ka kuchapa na kutoa fotokopi. Shule niliishia darasa la nane. Mzee alikuwa karani, kwa hivyo yeye ndiye anachapa. Mimi napanga karatasi na kuongea na wateja.

Kijana wetu wa kwanza, nimwite Wafula, alitutoka miaka michache imepita. Aliugua kidogo tu. Tangu tumzike, mzee wangu alinyamaza. Si ati alikuwa mkali, hapana. Alikula, alienda kazi, kanisa hakukosa, lakini maneno yaliisha. Mtu akimwita Baba Wafula, anaangalia chini. Na mimi nikaacha kumwita hivyo, naye akaacha kuniita Mama Wafula. Tukawa ni "wewe" na "wewe" tu ndani ya nyumba.

Sasa pahali alianza kuongea tena, mtanicheka, ni mbele ya laptop ya duka. Ilikuwa imezeeka sana hata tukaipa jina Kuka, yaani babu. Asubuhi mzee anabonyeza, Kuka ananguruma huko ndani kama paka, halafu kale kaduara kwa kioo kanazunguka, kanazunguka. Siku moja nilichoka kungoja nikasema, si tuombe tu? Tukashikana mikono. Tukafika Amina, Kuka bado. Tukakaa hivyo. Mara nikasikia mzee, macho yake kwa kioo, "Mama Wafula, unakumbuka vile huyo kijana alikuwa anaficha viatu vyangu ndio nisiende kazi?" Nililia nikicheka. Kutoka hiyo siku ikawa ndiyo desturi yetu. Kubonyeza, maombi, halafu Wafula.

Wateja walilalamika, sikatai. Kuna mwalimu mmoja alikuwa anachungulia mlangoni, "Mama, Kuka ameamka, ama nikanyolewe kwanza?" Mzee anamjibu, "Nenda, na ndevu pia watoe." Mzee wangu akitania mtu! Nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo.

Binti yetu ameolewa Bungoma. Alipokuja kututembelea akaona Kuka akiamka, akashika kichwa. "Mama, hii ni aibu, bana. Wateja watawakimbia. Nipeleke kwa fundi wangu huko Bungoma, ni zawadi yangu kwenu." Nikakubali, hata nikapeleka mwenyewe. Fundi akafungua chini na bisibisi, akatoa hard disk, kitu kama kitabu kidogo cha chuma, akaniambia ndani kuna sahani inazunguka, ndiyo ile sauti. Akahamisha kazi zetu zote kwa hii mpya wanaita SSD, nyepesi, haina kitu kinazunguka. Ile ya zamani akanirudishia. "Mama, usitupe, ni uzee tu. Ukiitaka naludisha." Nikaifunga kwa kitambaa, nikaweka kwa mkoba, nikarudi Kitale nikiimba.

Asubuhi yake mzee akabonyeza. Nikamshika mkono, nikasema "Baba yetu wa mbinguni," na hapo hapo kioo kikawaka. Hakuna kunguruma. Mzee akatoa mkono. "Kumbe imefunguka," akasema, akavuta kiti akaanza kuchapa.

Imekuwa hivyo mpaka leo. Wateja wamefurahi, wameongezeka, na yule mwalimu anasema nimemuua Kuka. Lakini mzee amerudi kule alikuwa. Nilimwambia tuombe kwanza ndio abonyeze, akasema, "Wewe omba, nakusikia," huku vidole vinakimbia. Nyumbani nikataja Wafula wakati wa chakula, akaamka akaenda kuangalia kama kuku wamefungiwa. Nilikuwa nimewafungia mimi, na alikuwa ameniona.

Nikampigia fundi. Alicheka sana. "Mama, watu wanalia wawekewe hii, wewe unalia utolewe? Naweza kuludisha, lakini hiyo ya zamani inaweza kufa wakati wowote." Binti naye akipiga simu anauliza, "Mama, si mnaona raha sasa?" Namwambia ndiyo mwanangu, Mungu akubariki. Nikikata simu nakaa tu. Nafagia duka mara mbili. Nashika ule mkoba wenye diski ya zamani, nauweka.

Jana nilichelewa kwa sababu ya kununua karatasi. Nilipofika mlangoni nikamkuta peke yake, hajaniona. Laptop ilikuwa imefunguka. Akaizima. Akaiwasha tena. Ikafunguka, akaizima, akaiwasha. Nikamuuliza, "Imeharibika?" Akashtuka. Akasema, "Hapana, Mama Wafula. Naangalia tu."

Mama Wafula. Jina hilo sikuwa nimelisikia kutoka kinywani mwake tangu nitoke kwa fundi Bungoma. Halafu mteja akaingia na kitambulisho anataka fotokopi, ikaishia hapo.

Wapendwa, mimi nimeshindwa. Nimrudishie Kuka vile alikuwa, binti akasirike na wateja waende? Ama nimwambie mzee wazi kwamba nilikuwa nangojea hiyo saa yetu ya asubuhi mbele ya Kuka kuliko kitu kingine chochote, na nikimwambia, asije akafunga mdomo kabisa? Nimeomba, lakini nataka kusikia na nyinyi mlio na ndoa. Nijibuni mapema, tafadhali. Kesho asubuhi tunafungua duka.