Siku Niliyomwaga Oili Mwenyewe

Mtu mwenye akili timamu humwaga oili chafu ya lori kwanza, kisha ndipo anajaza maji. Mimi nilijaza maji. Jioni ya Alhamisi nilipanga foleni kisimani hadi tangi la plastiki lililofungwa nyuma ya lori langu likafurika, lita elfu tano, nikarudi nalo nyumbani Garissa nikijiona fundi wa mipango. Ijumaa baada ya swala ya alfajiri nikavuta kijiti cha kupimia oili, nikakitazama, nikasema, "Astaghfirullah." Oili ilikuwa nyeusi tititi na ilinuka kuungua. Nilikuwa nikiahirisha kuibadilisha tangu kabla ya mfungo.

Ningeweza kusema potelea mbali, niende hivyo hivyo. Lakini maji yale hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa ya mama yangu, anayeishi porini na mbuzi wake, mbele ya Dadaab, mwendo wa saa tatu na nusu kama mchanga umekuhurumia. Hataki kusikia habari ya kuhamia mjini. Silanga la karibu naye, lile bwawa la maji ya mvua, lilikuwa limekauka, na Jumatano alinipigia akasema maji aliyonayo yatamfikisha Ijumaa. Basi, akakata simu. Mbuzi wamekonda, wengine wana mimba. Siku moja ya ziada bila maji na wanaanza kulala chini. Injini ikinifia njiani na mzigo huo, nani angewafikishia?

Na kwa nini nisimpe fundi kazi hiyo? Kwa sababu nimewapa mafundi! Wa mwisho alifunga filta vibaya ikalegea safarini, oili yote ikamwagikia mchanga, nikalala chini ya lori siku mbili nikila biskuti. Toka siku ile niliapa kwamba oili ya lori langu nitaimwaga mwenyewe, uani kwangu, kwa mikono yangu.

Sasa lori lililobeba tani tano za maji hukaa chini. Nililala chali nikajisukuma kwa visigino, na nilipofika chini ya injini tumbo langu lilikuwa limegusa chuma. Hata kukohoa sikuweza vizuri. Nati ya kutolea oili nayo ilikuwa imekazwa na yule fundi wa filta, Mungu anamwona. Huko kwingine kote alilegeza, hapo ndipo alipokumbuka kukaza.

"Unageuza upande gani?" sauti ikauliza.

Huyo ni jirani yangu, dereva mstaafu. Miaka mingi alipeleka mahindi Mandera na Lafey, na tangu astaafu kazi yake ni kubeba kiti cha plastiki na kukiweka mahali ambapo mtu mwingine anafanya kazi. Niliona viatu vyake tu na miguu minne ya kiti.

"Upande wa kufungua, mzee."

"Sisi zamani tulikuwa tunapasha injini moto kwanza."

"Nimeipasha."

"Umeipasha sana ama kidogo?"

Nikaivuta spana. Nati ikaachia ghafla, oili ya moto ikanipitia kwenye kiganja, ikateremka na mkono wa shati hadi kwapani. Nikapiga kelele ambayo sitaiandika hapa. Jirani akasema, "Naona umeipasha sana."

Ndipo simu ikalia mfukoni. Nikaitoa kwa vidole viwili visivyo na oili. Alikuwa mama. Ili apate mtandao kule lazima atembee hadi kwenye kichuguu kikubwa na apande juu yake, na yeye magoti yanamuuma.

"Hooyo," akaniita. Kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye, hata mwana akiwa na mvi kidevuni kama mimi. "Hooyo, umetoka?"

"Niko njiani."

Usinitazame hivyo. Kila dereva wa huku husema yuko njiani akiwa bado anatafuta kiatu cha pili. Halikuwa jambo, nilidhani nusu saa ingetosha.

Oili ilipoisha kuchuruzika niliimimina kutoka kwenye karai hadi kwenye mtungi wa njano, ule wa lita ishirini ambao hapa kwetu hubeba kila kitu, maji, dizeli, maziwa ya ngamia. Nikauweka nyuma ya tairi. Oili mpya nilikuwa nimeinunua ya kupima dukani, nayo ilikuwa ndani ya mtungi mwingine wa njano. Huo niliuweka kivulini kando ya ukuta. Nikarudi chini kupambana na filta.

Mtu asiyetoka huku hajui kwamba oili chafu haitupwi. Ni dawa. Ngamia akipata upele, anapakwa ile oili iliyoungua na anapona, au angalau wenye ngamia wanaamini hivyo na huwezi kuwabishia. Ukiinua boneti asubuhi Garissa, saa mbili baadaye kuna mtu mlangoni na salamu ndefu. Sijui nani huwaambia. Siku hiyo aliyekuja alikuwa eddo, shangazi yangu, dada yake marehemu baba, na mkononi hakuwa na kitu ila haki yake.

"Eddo, salaam aleikum," akasema, maana naye huniita kwa cheo chake. "Umeamkaje? Watoto wameamkaje? Mama yako maporini ameamkaje? Mbuzi wake?"

"Wote wazima, eddo, alhamdulillah." Filta imegoma. Nimepigilia bisibisi, imeitoboa ubavuni, na sasa kilichobaki ndani yake kinanidondokea shingoni.

"Na mvua huko kwa mama yako?"

"Hakuna mvua, eddo! Ndiyo maana nampelekea maji!"

"Usipaze sauti, nasikia. Nina ndama watatu wa ngamia wamejaa upele. Nilisikia unamwaga oili."

Simu ikalia tena. Nikaibana kwa kidevu.

"Hooyo, umefika wapi?"

Hapo, wallahi, hasira ilinijaa hadi masikioni. Filta shingoni, shangazi kichwani, mzee miguuni akiniambia bisibisi inaharibu filta, kana kwamba nilikuwa na mpango wa kuitumia tena.

"Nimepita Dadaab!" nikafoka. "Niko karibu kabisa, hooyo! Usinipigie pigie, naendesha!"

Akasema, "Haya, Mungu akulete," akakata.

"Umepita Dadaab ukiwa umelala chali?" jirani akauliza. Shangazi akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka.

"Eddo, mwenye bodaboda ananisubiri nje," akasema alipomaliza. "Oili iko wapi?"

"Mtungi wa njano, eddo! Beba! Beba uende, uniache nimalize!"

Nikasikia mtungi ukiburutwa, pikipiki ikanguruma, kukawa kimya. Nikafunga filta mpya, nikakaza nati, nikatambaa kutoka nikiwa mweusi mwili mzima. Nikaenda ukutani kuchukua oili. Ukuta ulikuwepo. Mtungi haukuwepo. Nikaenda nyuma ya tairi, nikakuta ule wa oili chafu umetulia hapo, umejaa vilevile.

"Mzee," nikasema polepole, "shangazi yangu amebeba mtungi gani?"

"Ule wa ukutani."

"Ulimwona?"

"Nilimwona vizuri."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesemaje? Mtu na shangazi yake. Hayo ni ya familia."

Mtu huyu alikuwa amenishauri juu ya spana, juu ya bisibisi, juu ya namna ya kulala chini ya gari! Neno moja tu ndilo lililokuwa na faida asubuhi ile, na hilo ndilo alilolimeza. Niliruka kwenye bodaboda na nguo zangu za oili, kijana wa watu akalalamika juu ya kiti chake njia nzima, hadi pembeni mwa mji kwa shangazi.

Nilichelewa. Ndama wote watatu walikuwa wamepakwa kutoka shingo hadi mkia, wanang'aa. Na iliyobaki alikuwa ameshaigawa, kwa sababu shangazi yangu hajawahi kupata kitu akakila peke yake. Wanawake watano walikuwa wamesimama uani, kila mmoja na kopo lake.

"Huyu hapa!" akasema aliponiona. "Si niliwaambia? Watu wengine humpa mzee makombo. Huyu amenipa iliyo safi, haijaguswa na moto. Nimeimimina nikaona inang'aa kama asali, nikasema huyu kweli ni mtoto wa kaka yangu."

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, nilifungua mdomo ili niseme, eddo, nirudishieni hayo makopo. Lakini alikuwa ameshainua mikono ya dua. Kwetu dua ya mzee haikatizwi, na zawadi iliyoombewa dua haidaiwi. Ukiidai umeitema dua yenyewe. Akaomba lori langu lisikwame. Akaomba mali yangu iongezeke. Akaomba mama yangu apate maji. Kila kituo wanawake wakaitikia "Amin," nami nikaitikia "Amin" nikiwa nimeuma meno, na dua ya shangazi haina haraka.

Nilirudi nikiwa na shauri moja tu kichwani. Nitaimimina ile oili chafu tena ndani ya injini. Ndiyo, ni aibu, lakini ilikuwa imelifikisha lori hapo, ingelifikisha na mbele kidogo. Nikaenda nyuma ya tairi. Mtungi haukuwepo.

"Amekuja mtu wa ngamia," jirani akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nikampa. Si ulikuwa unaitoa?"

Nilikaa chini mchangani. Nilimtazama yule mzee, naye akanitazama kwa upole, na niliona kabisa kwamba anangoja nimshukuru.

Kufikia hapo ilikuwa Ijumaa inakaribia adhuhuri, na wewe jaribu kununua oili Garissa Ijumaa adhuhuri. Nilizunguka maduka matatu nikakuta milango ya bati imeteremshwa. Mwenye duka la nne alikuwa anafunga kufuli, nikamwomba, akanitazama nguo zangu akaniambia nikaoge kwanza niende msikitini. Nikaoga. Nikaenda. Sikumbuki hata neno moja la hotuba. Saa nane na ushei nikapata oili, nikaibeba nyumbani nikiwa nimeikumbatia, nikaimimina yote huku jirani akiniuliza kama nimekumbuka kukaza nati, na nikaondoka.

Njiani nilimpigia mama ili nimwambie ukweli. Mteja hapatikani. Nikapiga tena nilipopita Dadaab, safari hii kwa kweli. Hapatikani. Nikajiambia amechoka kupanda kichuguu, na si nilimwambia mwenyewe asinipigie?

Hakuwa nyumbani wala kwenye kichuguu. Jua lilikuwa limeanza kulegea nilipowaona, yeye na mbuzi wake, kando ya barabara, pale njia ya kwake inapochepuka kuingia porini. Nilipomwambia niko karibu aliwaswaga mbuzi wake wote hadi pale, ili lori lisihangaike kwenye mchanga na wao wanywe mapema. Toka asubuhi walikuwa wamekaa hapo, chini ya vichaka visivyo na majani, wakitazama upande wa Dadaab. Mbuzi wawili walikuwa wamelala mbali na wenzao, shingo zimenyooka. Wote wawili walikuwa na mimba.

"Wamekufa hata kabla sijawachinja," mama alisema. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Nilifungua bomba. Tulichimba mtaro mfupi mchangani, tukautandika karatasi ya plastiki, na mbuzi wakaja wakirukiana migongoni. Nilijifanya nashughulika na bomba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipogeuka, alikuwa amewasha vijiti vitatu na birika dogo lilikuwa juu ya moto limeshachemka. Akanimiminia kikombe cha chai ya rangi, sukari nyingi, kama ninavyopenda.

Nilitazama tangi. Hakuwa amelikaribia. Nilitazama mitungi yake, imelala ubavu, mikavu.

"Hooyo, haya maji umeyatoa wapi?"

"Niliyaweka kando toka asubuhi. Ulisema uko karibu, nikaona huwezi kula vumbi lote hilo ufike ukose chai."

"Na wale wawili?"

Akawaangalia. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ikabidi ailowanishe kwanza ndipo aseme.

"Walilia sana," akasema. "Lakini haya yalikuwa yako."

Nikaishika ile chai kwa mikono miwili, nikainywa yote hadi majani ya chini, kwa sababu alikuwa ananitazama.